Magauni Aliyomshonea Achieng

Kuna jambo ambalo sisi wa familia hatujalielewa hadi leo, nami kaka yake, Jairus, nalisema mbele yenu bila kumhukumu: baada ya binti yake kufariki, dada Roselyne aliendelea kila Novemba kufumua upindo wa gauni la mtoto na kulishusha kidogo, kana kwamba mtoto mwenyewe bado anarefuka. Tena aliomba azikwe kando yake, hapa Birmingham, ombi lililotugawanya wiki hizi zote.

Marehemu Roselyne Akinyi alizaliwa tarehe 14 Machi 1979, Ugunja, Siaya, akasoma huko huko, akajifunza ushonaji Kisumu, na mwaka 2009 akaja hapa kusomea historia ya mavazi. Tasnifu yake ilihusu nguo za kila siku za watoto wa wakulima wa Marekani mwanzoni mwa karne iliyopita, jinsi mama zao walivyoshona magauni kwa magunia ya unga, hata wavulana wadogo wakivalishwa gauni, na upindo ukiachwa mpana ili mtoto akue nao, kisha nguo imwendee mdogo wake. Alisema wale wangeelewana na mama yetu, aliyetushonea vivyo hivyo, bila mkalimani.

Alifanya kazi ya kutunza wazee Longbridge, hapa mjini, tangu 2011, akafunga ndoa na Mark, naye mwana wa Siaya, tarehe 4 Agosti 2012, na tarehe 9 Novemba 2014 wakajaliwa Achieng, mtoto wao wa pekee, naye Roselyne akamshonea nguo zote kwa mtindo ule, jirani yake Nasreen akimtania, “Rose, hili atalivaa mpaka harusini!” Achieng alifariki tarehe 22 Februari 2020 kwa homa ya uti wa mgongo, na tangu hapo mama yake hakushona nguo mpya.

Juni 2024 aligundulika ana saratani, akatibiwa, ikarudi, akafariki tarehe 11 Januari 2026.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi, majirani zake wa mtaa wa Alum Rock, na wenzake waliobeba zamu zake bila kuombwa.

Wazee wa Siaya walishikilia kwamba mke huzikwa bomani kwa mumewe, na Mark hakuwa na nguvu ya kubishana nao. Mama mkwe wake, mamake Mark, aliyepinga kuliko wote, alifika Jumanne kutoka Siaya, akapelekwa kwenye kaburi la mjukuu wake, akasema, “Huyu hawezi kubaki peke yake.” Basi Roselyne atazikwa hapa leo, na jana aliyemwosha na kumvisha ni mama huyo, hakukubali mwingine amguse.

Pumzika, dada, tumekuacha kwa mwanao.