Plasta ya Herufi Inachemka

Benchi lenyewe ni ubao mrefu uliolazwa juu ya matofali, mkabala na geti la zahanati, na hapo ndipo Mama Buli anapouzia kahawa yake tangu asubuhi. Wateja wa kudumu ni wawili. Kuna Jaji, karani mstaafu wa mahakama ambaye hajawahi kuhukumu kesi hata moja, ila kijiweni huhukumu zote. Na kuna Randa, seremala wa jirani, ambaye hukaa na msumeno miguuni kana kwamba utatoroka. Siku hiyo waliongezeka wakawa watatu, kwa kuwa mchoraji wa mabango wanayemwita Herufi alitoka getini ameshika mkono wa kulia kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Alikuwa ameanguka kwenye ngazi akiandika jina la duka, na kifundo cha mkono kikavunjika. Muuguzi alikuwa amemfunga plasta ya jasi dakika chache tu zilizopita, akamwambia akae nje nusu saa ikauke, kisha arudi akaguliwe.

Herufi akaketi. Hakuagiza kahawa. Aliutazama mkono wake, akaugusa kwa kidole cha kushoto, akakitoa haraka.

— Jamani, hii kitu inapata moto.

— Moto gani? — Jaji akauliza.

— Moto! Wakati ananifunga bendeji ilikuwa mbichi, ya baridi. Sasa hivi ni kama nimeingiza mkono kwenye chai.

— Alikuwekea maji ya moto huyo.

— Ya bomba, Mzee. Nimeyaona yakitoka kwenye bomba.

Jaji akaweka kikombe chini, ishara kwamba kesi imefunguliwa.

— Basi dawa imepitwa na wakati. Unga wa plasta ukikaa sana ghalani unachacha. Kitu kikichacha kinachemka. Nimemaliza.

— Hujamaliza, — Randa akadakia. — Mimi gundi yangu ikichacha inanuka, haichemki. Huo ni mfupa. Mfupa umevunjika, unataka kukaa unavyotaka wenyewe. Plasta inaukataza. Sasa vinasuguana humo ndani. Ubao ukiusugua si unapata moto?

— Mfupa na bendeji visuguane wapi, na hakuna kinachotikisika?

— Ndani kwa ndani.

Mama Buli alikuwa akisugua birika la pili. Akasema bila kuinua kichwa:

— Vitu vikichanganywa hubadilika joto. Mimi hapa nikimwaga siki juu ya soda ya kuokea ili nitoe kutu, povu linafoka na birika linakuwa baridi kabisa. Mpaka navisikia vidole vikipoa.

— Mama, sisi tunaongelea moto, wewe unatuletea baridi, — Jaji akamkata. — Herufi, walikupiga picha?

— Walinipiga eksirei.

— Haya! Eksirei ni nini? Ni umeme. Umeme umeingia mkononi, halafu wakauziba kwa plasta kabla haujatoka. Mwanangu, mkono wako umechajiwa.

Herufi hakucheka. Kwa kawaida angekuwa wa kwanza kuwatania. Lakini huo ulikuwa mkono wa kulia, mkono uliomlipia kodi na kumsomesha mdogo wake. Mawazo yake yalikuwa kwenye vidole vinne vilivyochomoza mwisho wa plasta, na kila alipovitazama vilionekana vya mtu mwingine.

— Unapanda? — Randa akamuuliza.

— Nini?

— Huo moto. Unapanda kuelekea begani?

— Sijui. Labda.

— Ukifika begani unashuka kifuani. Ukifika kifuani, ndugu yangu, hiyo si kesi ya Jaji tena, ni ya mchimba kaburi.

— Hapo Randa amesema, — Jaji akakubali, na kukubaliana kwao kukamtisha Herufi kuliko maneno yenyewe. — Itolewe. Sasa hivi.

— Nirudi kwa muuguzi?

— Yule aliyeiweka ndiye atakubali kwamba alikosea? Umewahi kuona wapi? Fundi tunaye hapa hapa.

Randa alikwisha kutoa penseli nyuma ya sikio. Akapiga mstari mweusi, mnyoofu, kutoka karibu na kiwiko hadi kiganjani, kisha akauinua msumeno.

— Naingia nusu inchi tu. Wewe usitikisike.

— Randa, weka chini hicho kitu! — Mama Buli akafoka.

Herufi alifumba macho. Hakuona mtu akivuka barabara. Alisikia sauti tu.

— Huu mstari ni wa nini?

Muuguzi alikuwa amesimama mbele yao, glavu mfukoni. Nusu saa ilikuwa imepita, naye ametoka kumtafuta mgonjwa wake. Randa akauachia msumeno, akausukuma chini ya benchi kwa kisigino. Jaji akagundua kikombe chake kina sisimizi.

— Nimeuliza.

Herufi akafumbua macho.

— Sista, inawaka moto, — Herufi akasema kwa sauti ndogo.

— Nilikuambia itapata joto.

— Uliniambia?

— Mara mbili. Ulikuwa unaitazama sindano. Haya, kati yenu, nani ameigusa?

Muuguzi akavibonyeza vidole vya Herufi kimoja kimoja, akamwambia avikunje, kisha akaweka kiganja juu ya plasta. Akamwita Randa naye aweke chake.

— Vuguvugu tu, — Randa akanong'ona.

— Na inazidi kupoa. Unga wa bendeji hii ni jiwe la jasi. Jiwe hilo lina maji yaliyoshikamana nalo ndani kabisa. Kiwandani wanalioka mpaka sehemu kubwa ya maji hayo inatoka, na kuvunja vifungo vinavyoyashika kunakula joto. Mimi nikiloweka bendeji, unga unayachukua maji tena. Vifungo vinafungwa upya, na joto linatoka. Unga ukishapata maji yanayoutosha, joto linakoma. Huo ni mmenyuko unaotoa joto. Hakuna kilichochacha.

— Na birika langu? — Mama Buli akauliza.

— Siki na soda ni kinyume chake. Mmenyuko ule unahitaji joto zaidi ya linalotoka, kwa hiyo unalivuta kwenye birika na kwenye vidole vyako. Ndiyo maana unasikia baridi.

Mama Buli akamgeukia Jaji, akamtazama kwa muda wa kutosha.

— Plasta ingekatwa sasa, mfupa ungehama, — muuguzi akaendelea. — Ungepona umepinda. Ikizidi kuuma au vidole vikivimba, rudi kwangu. Si kwa seremala.

Swali alilokuwa nalo Herufi tangu alipoanguka likamtoka.

— Sista, nitaandika tena?

Muuguzi akamsaidia kuinuka.

— Hilo siwezi kukuahidi. Mfupa umekaa vizuri, hilo najua. Twende nikukague.

Plasta ilitolewa baada ya wiki sita. Mkono ulitoka mwembamba, ngozi imepauka, na brashi ikawa nzito kama nyundo. Mwezi wa kwanza Herufi aliweza kuandika herufi tatu kisha akapumzika. Nyingi zililala upande. Alizifuta, akaziandika upya. Mwezi wa tatu akapata kazi ya ukuta mzima wa shule.

Randa alimtengenezea ngazi mpya yenye miguu mipana, akailaza mlangoni kwake alfajiri bila kubisha hodi. Na siku ya kazi, aliyeishika chini alikuwa Jaji, mikono yote miwili, hakusema neno mpaka herufi ya mwisho.