Yaya Émerance na Unga wa Batri Usiokaushwa Sana

Ndugu zetu, majirani wa hapa mtaani Annexe, nanyi mliotoka Sakania, poleni kwa safari na kwa kilio, mimi Rodrigue, mdogo wake wa mwisho, nimetumwa na familia kuwasomea maisha ya yaya, yaani dada yetu mkubwa, Émerance, na nitasoma polepole, maana hakupenda mtu anayesoma kama anakimbizwa.

Mama Émerance Mulenga alizaliwa Sakania tarehe 17 Machi 1968, mtoto wa kwanza wa baba Édouard, mfanyakazi wa reli, na mama Marceline, muuzaji wa unga wa muhogo, aliyemfundisha tangu utoto kwamba muhogo ukibaki na unyevu hata kidogo unaota ukungu na wateja wanahama, somo alilolishika mno, kama mtakavyosikia.

Alipata diploma ya serikali ya kumaliza sekondari mwaka 1987, akaingia chuo kikuu hapa Lubumbashi kusoma kemia, mwaka 1990 wanafunzi wakashambuliwa chuoni na masomo yakasimama, mwaka 1991 uporaji wa askari ukapita mjini na maabara aliyofanyia mazoezi ikabaki kuta tupu, naye akarudi Sakania kuuza unga kando ya reli, halafu akarudi darasani, akamaliza mwaka 1996, amekonda lakini mdomo ni ule ule.

Tarehe 8 Agosti 1998, juma lile lile vita vilipoanza tena, alifunga ndoa na shemeji Désiré, fundi wa magari, aliyevaa suti ya kuazima, na Mungu akawajalia Abigaëlle mwaka 2000 na Gradi mwaka 2004.

Alifundisha kemia katika taasisi moja ya ufundi, na mwaka 2016, migodi ilipokuwa inafukuza watu kazi, alianza kushughulikia batri ya kalsiamu, madini yale yaliyomo ndani ya chokaa tunayopaka ukutani, maana ilimuuma, na aliyasema haya hata kwenye arusi za watu, kwamba kobalti yetu inawasha simu za dunia nzima huku sisi tunasoma kwa mshumaa. Kazi yake ilikuwa upande chanya wa batri, yaani unga wa manganizi unaopaswa kuipokea kalsiamu batri inapotumika na kuiachia inapochajiwa, lakini kalsiamu ni kaidi, iliingia ikakwama, naye kwa mafundisho ya mama aliukausha unga ule katika tanuri mpaka usibaki na tone, na kila batri ikafa mapema, miaka mitano, jamani!

Jumapili tarehe 14 Februari 2021, alikuwa amepita maabara ya taasisi kuangalia tanuri kabla ya misa, wanamgambo wakashambulia mji, risasi zikalia upande wa kambi ya askari ya Kimbembe, shemeji Désiré akamfuata mbio, akazima tanuri na kumvuta mkono, yaya akipiga kelele kwamba unga haujakauka, shemeji akimjibu, "Acha ile bunga, batatuua!", ugomvi ambao majirani wanasema waliusikia kuliko risasi. Mji ulipotulia alirudi amenuna, hakuwa na unga mwingine, akautumia hivyo hivyo, na batri ile ikachajiwa, ikatumika, ikachajiwa tena, wiki baada ya wiki, ndipo alipoelewa kwamba maji kidogo aliyokuwa akiyafukuza ndiyo yaliyotanua nafasi ndani ya unga ili kalsiamu ipite, akacheka mpaka akakaa chini.

Wenzake walisema ni bahati tu, naye aliogopa kwamba huenda wanasema kweli, na saratani ya titi ilipogunduliwa Mei 2023, alichotuomba tumsaidie kumwomba Mungu ni kwamba mikono mingine iweze kuutengeneza tena unga ule bila yeye, usije ukazikwa naye. Wanafunzi wake walijaribu, wakaukausha mno, wakaharibu, wakaanza upya, daktari akimkataza yaya kusogea maabara.

Tarehe 30 Agosti 2025 Abigaëlle alimletea habari kitandani kwamba batri za wanafunzi zimeshika chaji na hazijachoka, yaya akauliza swali moja tu, kama tanuri walilizima mapema, akaambiwa ndiyo, akasema, "Basi, iko muzuri," na tangu hapo hakuhangaika tena, mpaka alipotutoka asubuhi ya Jumatano tarehe 3 Septemba, uso umetulia, nasi tunalia, ndiyo, lakini tunalia huku tumeshusha pumzi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, kwa sababu aliwasahihisha kemia yao, majirani waliotupikia bukari, ugali wetu, tangu matanga yalipoanza, na wenzake wa kazi pamoja na wanafunzi waliokataa kuchoka.

Yaya, unga uko mikononi mwao, tanuri limezimwa mapema kama ulivyotaka, sasa pumzika kwa amani.