Aliyefukuzwa Hajaadilishwa: Maisha ya Fundi Msasa

Ndugu waombolezaji, baba yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la utani la Fundi Msasa, alizaliwa tarehe 9 Machi 1947, akiwa kitinda mimba wa mhunzi, alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1955 hadi 1962, akasomea useremala katika chuo cha ufundi, na tarehe 2 Januari 1970 akaajiriwa kufundisha kazi hiyo katika shule ya maadilisho, ya watoto waliovunja sheria, alikostaafu mwaka 2002.

Tarehe 17 Novemba 1973 alifunga ndoa na mama yetu, mshonaji, wakajaliwa watoto watatu.

Pale shuleni, kuadilisha kwa walimu wengi kulikuwa fimbo, lakini kwa baba maana yake ilikuwa moja, kwamba aliyeharibu kitu asimame na mwalimu wake mbele ya mwenye kitu, wakitengeneze pamoja, na mwalimu asiposimama, hapo hajaadilishwa mtu.

Hata hivyo, Agosti 1994, kaka yetu mkubwa alipovunja mlango wa jirani yetu kinyozi, akaiba redio, baba alizidiwa na fedheha, akamfukuza nyumbani, na kila aliyemuuliza akamjibu kwamba amemwadilisha. Mama, aliyekuwa akipiga pasi, hakuinua macho, akasema, "Baba watoto, wa wenzio unasimama nao, wako unamtupa barabarani, hilo neno limebadilika lini?" Baba aliacha chakula mezani, akatoka kumtafuta mwanawe.

Alimtafuta hadi Oktoba, akamkuta kwenye gereji akiosha magari, akamwambia mbele ya mafundi wote, "Sikukuadilisha mwanangu, nilikufukuza, nisamehe, twende kwa kinyozi." Walichonga mlango mpya, wakaubeba wao wawili, naye kinyozi, baada ya kuwaacha wasimame juani hadi alipomaliza wateja wake wote, alisema, "Haya, utieni, ingawa sasa mlango utalicheka duka."

Tangu hapo, kila alipopokea mwanafunzi mpya, baba alianza kwa kumsimulia kosa hilo la kumfukuza mwanawe, na alilihesabu kuwa lake.

Mwaka 2021 alianza kuugua figo, akatibiwa kwa vipindi, hadi alipofariki dunia tarehe 14 Juni 2023, akiwa ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu saba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani waliolala nasi msibani, pamoja na walimu wenzake waliokuja, hata wale aliobishana nao. Kaka yetu ndiye aliyepaswa kusoma haya, lakini ametukabidhi karatasi, akatuomba tuseme neno moja tu kwa niaba yake, kwamba yeye hakurudi nyumbani, alifuatwa.

Baba, umesimama vya kutosha, sasa pumzika kwa amani.