Moffat Gatimu na Picha ya Shamba Letu kutoka Juu

Mchungaji, wazee wa kanisa, majirani na nyote mliopanda mlima huu wa Mukurweini na matope yake, mimi ni Wamae, kaka mkubwa wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha yake, ingawa nimechoka na macho yangu hayaoni vizuri. Tangu asubuhi mnaniuliza kwa nini kaburi limechimbwa katikati ya mibuni yangu na si nyuma ya nyumba yake, nawaomba mnivumilie, nitafika hapo.

Moffat Gatimu alizaliwa tarehe 3 Machi 1941 hapa hapa, mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu mzee Kingori na marehemu mama Wacera. Alianza shule mwaka 1950, masomo yakakatizwa na hali ya hatari iliyotangazwa na mkoloni, akamaliza mwaka 1959. Mwaka 1962 aliajiriwa na mpiga picha mmoja mjini Nyeri, akafagia studio miaka miwili kabla ya kuruhusiwa kushika kamera, na tarehe 1 Juni 1970 akafungua studio yake mwenyewe. Tarehe 12 Desemba mwaka huo alifunga ndoa na Monicah Kagure wa Wamagana, wakajaliwa watoto wawili, Kingori mwaka 1972 na Wacera mwaka 1975, majina ya wazazi wetu.

Baba alipofariki mwaka 1971, wazee walitugawia shamba sawasawa, wakapanda itoka mpakani, maua ambayo kwetu mtu hathubutu kuyang'oa. Mwaka 1977 Moffat alilalamika kwamba upande wake umepungua, wazee wakakaa mara mbili, nami nikasimama nikasema itoka ziko pale zilipopandwa, na kwa sababu mteremko unaficha, hakuna aliyeona tofauti. Tangu hapo tulisalimiana kanisani tu.

Mwaka 1984 mhandisi Mjapani wa mradi wa maji kule Kiriaini, rafiki wa marehemu, alirudi kwao akamwachia helikopta ndogo ya kuongozwa kwa redio, urefu wake kama jembe na mpini wake, pamoja na kitabu cha maelezo cha Kijapani ambacho hakuna aliyeweza kukisoma. Alijifunza kwenye uwanja wa kanisa letu, akaifungia chini fito mbili zilizopishana kama msalaba ili isipinduke, na mwaka mzima aliinyanyua kimo cha goti tu na kuishusha, wapita njia wakimcheka, ati mzee mzima anachezea panzi. Hewa yetu ya juu ni nyepesi, injini ilichoka upesi, akagundua kwamba lazima airushe asubuhi mapema kukiwa na baridi. Hakufunga kamera mara moja, alianza na pakiti ya chumvi yenye uzito wa kamera, ikapasuka juu ya ng'ombe wa jirani yetu Gicheru, ng'ombe wakafurahi, Gicheru hakufurahi. Kamera yenyewe ilitoa picha za ukungu mtupu kwa ule mtetemo, mpaka alipoining'iniza kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, na ile picha ya kanisa letu iliyo ofisini kwa mchungaji ni kazi yake.

Tarehe 13 Agosti 1988 aliirusha juu ya shamba letu, nikapiga kelele aitoe juu ya kahawa yangu, naye akaizungusha mara moja zaidi kisha akaishusha upande wake.

Aliugua kisukari mwaka 1993, akakatwa mguu mwaka 1996, helikopta ikabaki stoo, na tarehe 9 Julai 1997, saa tatu asubuhi, alifariki hospitalini Nyeri.

Jumapili, nikitafuta picha yake ya kuweka kwenye jeneza, nilikuta bahasha katika droo ya studio. Ndani mlikuwa na picha ya shamba letu likionekana kutoka juu, mstari wa itoka unapanda kutoka mtoni umenyooka, kisha ukifika kwenye kahawa yangu unapinda kama kiwiko kuingia kwake, hata mtoto angeona. Nyuma aliandika tarehe na neno moja, Nyumbani. Mimi ndiye niliyezihamisha itoka hizo, mwaka 1976, bei ya kahawa ilipopanda na yeye akiwa kazini Nyeri. Miaka tisa alikuwa na picha hii, angeipeleka kwa wazee nikaaibika mbele yenu, lakini aliiweka kwenye droo, na kila Krismasi aliponisalimia nilimwitikia shingo upande. Nina aibu, nina uchungu, na nimechoka kubeba jambo hili.

Juzi niling'oa mibuni kumi na sita kwa mikono yangu, kwa hiyo kaburi mnaloliona haliko kwangu, liko kwake, na tukimaliza hapa nawaomba wazee wanifuate na picha hii mkononi, tuzirudishe itoka mahali pake, Kagure akiona kwa macho yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, majirani mliochota maji na kupika, Gicheru aliyeleta viti bila kuombwa, na wapiga picha wenzake wa Nyeri na Karatina waliofunga studio zao leo.

Moffat, mdogo wangu, uliyaona yote kutoka juu, ukaninyamazia. Pumzika kwa amani, katika shamba lako.