Kadi Namba Arobaini na Moja ya Mwalimu Sostenes Mihayo

Mwalimu Sostenes Mihayo alizaliwa tarehe 3 Machi 1978 katika kijiji cha Didia, Shinyanga Vijijini, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Mihayo na Mama Agnetha, ambao wote wametangulia. Mimi ninayesoma wasifu huu ni Rhoda, mdogo wake wa mwisho. Kamati ya mazishi ilinipa ukurasa mmoja na kuniomba niandike kwamba kaka yangu "aliugua ghafla." Sikuandika hivyo. Mwenye haraka ya ubwabwa atangulie kwenye masufuria.

Shule ya msingi alisoma hapo hapo Didia, kuanzia 1986 hadi 1992. Siku moja, akiwa darasa la tano, alikuwa malishoni na baba wingu likatanda. Radi ilipomulika, Sostenes akaanza kuhesabu sekunde kwa sauti, na ngurumo ilipofika akagawa kwa tatu. "Baba, iko kilomita mbili, tunawahi kufunga ndama." Baba alimchapa fimbo kwa kuzungumza na radi. Msimu uliofuata, mvua ikinyemelea, baba mwenyewe ndiye aliyekuwa akiuliza, "Sosi, iko wapi sasa?" Nilikuwa mdogo, lakini hilo nalikumbuka.

Sekondari alisoma mjini Shinyanga, akahitimu stashahada ya ualimu wa sayansi mwaka 2003. Alifundisha Kahama, si mbali na mgodi wa Buzwagi, kisha Januari 2009 akahamia kijijini hapa Geita, kufundisha Kemia na Biolojia. Alipoona wanafunzi wa kidato cha nne wanasinzia juu ya madaftari, alikata maboksi ya chaki akatengeneza kadi. Mbele aliandika jambo la kushangaza, nyuma akaweka swali la mtihani. Aliandika kwa Kiswahili kwanza ili waelewe, Kiingereza cha mtihani kije baadaye. Kwamba mtoto mchanga ana mifupa karibu mia tatu, mtu mzima ana mia mbili na sita. Kwamba muhogo mchungu hutoa sianidi, sumu ya jamii ile ile inayotenganisha dhahabu na mchanga. Kwamba chuma huelea juu ya zebaki, ila dhahabu huzama. Kadi zilifika mia moja na kumi na mbili. Ninyi mlimwita Mwalimu Maboksi. Watoto wenu walifaulu, na mliendelea kumcheka.

Tarehe 16 Juni 2007 alifunga ndoa takatifu na Paskazia, mzaliwa wa Kishapu. Pete ya dhahabu ya kaka ilinunuliwa na mama mkwe, Mayu Mbuke, aliyeuza dume lake moja kwa ajili hiyo. Baada ya kufiwa na mumewe, Mayu Mbuke alikuja kuishi nao, na tangu siku hiyo ndiye aliyewasha moto wa nyumba hiyo kila asubuhi.

Sasa nafika mnapopaogopa. Mwaka 2023 kaka yetu mkubwa, Donatus, aliyekaa pale mbele na miwani ya jua, alianza kuchoma dhahabu jikoni kwa marehemu. Mchana, mwenye nyumba akiwa shuleni, Paskazia na mama yake wakiwa shambani, alikuwa akiweka donge la dhahabu na zebaki kwenye karai, moto chini, mlango umefungwa. Mimi niliyeishi humo nilimwambia achomee nje. Akanijibu, "Nje? Wapita njia wapime mfuko wangu kwa macho? Nikimaliza nakunywa maziwa, mekyuri inatoka." Mara mbili nilimchochelea mkaa kwa mikono hii inayoshika karatasi. Marehemu hakujua. Mvuke wa zebaki hauna rangi wala harufu, nao hutua ukutani na kupaa tena kila moto unapowashwa. Kila alfajiri marehemu aliketi jikoni humo karibu na moto, akiandika kadi zenu.

Kabla ya kunawa alikuwa akivua pete na kuiweka kwenye rafu ya jikoni. Mwezi Aprili mwaka huu aliiokota imekuwa nyeupe kama bati. Akanitazama. "Rhoda, nani anachoma humu?" Nikasema sijui. Hilo nitakwenda nalo kaburini. Wakati huo mikono yake ilikuwa imeshaanza kutetemeka, chaki ikimponyoka darasani. Agosti alilazwa Mwanza. Daktari alipima mkojo akakuta zebaki, na figo zimekwisha. Alifariki Jumamosi, tarehe 11 Oktoba 2025, saa nne asubuhi.

Donatus hakwenda kwa daktari yule. Alikwenda kwa mganga na kurudi na jibu: pete imegeuka rangi kwa sababu ya aliyeinunua, na macho yake mekundu ni ushahidi wa uchawi. Tangu juzi wapo wanaume hapa wanaopita mbele ya Mayu Mbuke wakipima shingo yake kwa macho. Nawajua. Majina yenu yako kwa mtendaji wa kijiji na kituo cha polisi.

Macho ya Mayu yamo kwenye kadi namba 87. Kishapu kuni ni shida, na miaka arobaini alipikia mavi ya ng'ombe ndani ya nyumba. Moshi ndio uliomwachia wekundu ule. Kuhusu pete, hapa nitanyamaza. Wanafunzi wa kidato cha nne, mtihani wenu wa taifa ni mwezi ujao. Simameni mjibu kadi namba 41 kwa sauti, kaka yangu Donatus asikie: zebaki ikigusa dhahabu, nini hutokea?

Mmejibu vizuri: hushikamana nayo na kuigeuza nyeupe. Mwalimu angewapa vema.

Sasa ninyi wengine itazameni mikono ya Mayu Mbuke. Inatetemeka kama ilivyotetemeka ya marehemu. Amewasha moto ule ule, katika jiko lile lile. Mchawi gani anajiroga mwenyewe? Gari lile pale barabarani linamsubiri yeye, Paskazia na watoto, waende Mwanza kupimwa. Donatus, na wewe una nafasi. Panda.

Marehemu ameacha mjane, Paskazia, watoto wawili (Blessing aliye kidato cha nne na Marselino), kaka mmoja, dada mmoja aliyesema hajui, na mama mkwe. Kwa idhini ya mjane, udongo wa kwanza utatupwa na Mayu Mbuke. Mpisheni njia, na mtu yeyote asimguse.

Pumzika kwa amani, Sosi. Jiko nimelivunja jana.