Madam Nabwile na Ile Kodi ya Chekechea

Tarehe 30 Juni Madam Rosaline Nabwile anaweka chini kitabu cha risiti, baada ya miaka thelathini na miwili ya kukusanya ushuru. Alianza Kitale, akaletwa Bungoma mjini, mwisho akatufikia hapa soko la Chwele. Mimi Sellah ndiye hufagia ofisi yake, na nimepewa kazi ya kuandika habari zake ati kwa sababu namjua. Nikikosea mnisamehe.

Wengi mnakumbuka karatasi ya mwaka jana. Kaunti ilitaka maoni: pesa ya kujenga darasa la pili la chekechea itoke wapi? Watoto sabini wanabanana kwa chumba kimoja, na Ian wangu yuko hapo. Madam akabandika mlangoni: KODI YA CHEKECHEA, NJOONI. Sasa sisi kodi tunayoijua ni ya nyumba. Soko lote likaelewa chekechea inakodishwa. Abdinasir wa duka la hadiwea alifika mapema na pesa ya deposti mkononi, akiuliza kama milango inafungika vizuri. Na mimi, sitaficha, nilikimbia nikambeba Ian pamoja na kiti chake mpaka nyumbani.

Madam alicheka hadi akakaa chini. Halafu akasema tumeogopa kwa sababu hatujazoea kuulizwa. Kuanzia siku hiyo, kila akikata risiti anauliza nani alipe. Tuongeze shilingi kumi kwa gunia? Mama Emmy wa nyanya akasema huko ni kumlipisha mzazi mara mbili, kwa chekechea na kwa gunia. Watu wa bodaboda je? Wakamkumbusha kwamba hata yeye wanambeba kwa mkopo, na ilikuwa kweli. Majibu yote aliyaandika nyuma ya risiti zilizoharibika. Siku moja akasimama katikati ya vibanda, akauliza, "Na wenye ploti hizi, mbona hao sijawahi kuwaona hapa?" Tukaanza kutazamana. Mimi sikuwa nimewahi kuliwaza hilo.

Pendekezo kwamba wenye ploti walipie darasa sasa liko Bungoma, na baraza la kulijadili ni mwezi ujao. Nina wasiwasi. Nani atalifuata na Madam hayuko ofisini? Nilimwuliza. Akasema atakuja kama mwananchi, na raia ndiye huuliza bila kuogopa bosi.

Asante, Madam, kwa kutuuliza. Ukalime shamba lako kule Ndalu kwa amani, ule mahindi yako yakiwa bado mabichi. Ila siku ya baraza usipumzike. Kiti cha Ian nitakibeba tena, safari hii nikuwekee wewe, pale mbele.