Maman Véronique Nyiramahoro na Chachu Zake (1952–2024)

Ndugu, majirani, na ninyi mliovuka mpaka asubuhi hii kuja kumzika: haya ni maisha ya Maman Véronique Nyiramahoro kama mume wake, Mzee Hategekimana, alivyoyasema. Mzee hakusoma, na si mtu wa maneno mengi. Mjukuu wao Ikirezi ameyaandika, na ndiye anayeyasoma.

Maman Véronique alizaliwa Gikundamvura, Rwanda, tarehe 9 Mei 1952, mtoto wa nne wa Nzabonimana na mkewe Tereziya. Baba yake alikuwa na migomba iliyoshuka mpaka bondeni, na kasiksi yake, pombe ya ndizi, ilisifiwa mbali. Mwaka 1960 familia ilivuka mto Rusizi, ule wa mpakani, ikakaa Kadutu, Bukavu. Migomba ikabaki. Mama yake alibeba kifuko cha unga wa mtama, ule unaotiwa kwenye maji ya ndizi ili yachachuke. Hakubeba sufuria. Véronique aliipenda sana hadithi hiyo. Mume wake husema sufuria ingefaa zaidi.

Alisoma kwa masista Bukavu, akamaliza sekondari mwaka 1971, upande wa biolojia na kemia. Akapata ufadhili wa kwenda kusoma Ubelgiji, akakaa huko miaka mitano. Wengine walirudi na shahada za kuwatawala watu. Yeye alikuwa amesoma ukuta wa chachu. Chachu moja haionekani kwa macho, lakini yeye alisema kila moja ina ukuta wake, na ndani ya ukuta mna protini, na hizo ndizo zinazofanya ukuta upanuke chachu inapokua bila kupasuka. Alirudi mwaka 1977 na sanduku moja la nguo na mawili ya vitabu.

Aliajiriwa katika laboratwari ya kiwanda cha bia kule Bukavu. Pamoja naye alifanya kazi Bwana Christophe-Aimé Buhendwa, ambaye wengi hapa mnamjua. Ni mtu wa mashati meupe. Mwaka 1978 mume wake, wakati huo fundi ujenzi, aliitwa kupiga lipu ndani ya laboratwari hiyo. Ukuta ulikuwa mmoja. Alikaa nao wiki tatu.

Siku moja Véronique alimwambia achungulie kwenye mikroskopu.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Umeona nini?"

"Biko bintu byeusi, birefu-birefu."

"Ile njo kope zako, fundi."

Akacheka mpaka akakaa chini. Christophe-Aimé naye alicheka, lakini yeye alicheka kwa Kifaransa. Kisha akainama, akachungulia, akaona. Yeye aliona mara moja.

Hata hivyo, fundi ndiye aliyemwoa. Walifunga ndoa Bukavu, Jumamosi tarehe 15 Desemba 1979. Christophe-Aimé alisimama kando ya bibi harusi kama shahidi wake, amevaa suti nzuri kuliko ya bwana harusi.

Mungu aliwapa watoto wawili, Hirwa mwaka 1983 na Chloé Tumukunde mwaka 1986. Hirwa alipozaliwa, mume wake alimkuta Véronique bado kitandani, amechoka, mtoto kifuani. Véronique akamwambia kwamba chachu huzaa kwa kutoa kichipukizi ubavuni, na mtoto akishajitenga, mama hubaki na kovu kwenye ukuta wake, na mahali pale hazai tena. "Unaweza kuhesabu makovu," alisema, "ukajua mama amezaa watoto wangapi." Mume wake alikuwa amekuja na uji wa moto na jina la mtoto. Aliweka uji mezani. Hata siku ile, mazungumzo yalikuwa ya chachu.

Jambo moja la mwaka 1981 lazima lisemwe hapa, maana ndugu wengi wamekuwa wakiuliza kwa nini Mzee hakunywa kasiksi ya nyumbani kwake.

Kwetu, mwenye nyumba ndiye anayeonja kwanza, mbele ya wageni wote, ili kila mgeni ajue kikombe hakina ubaya. Hata mtoto anajua. Mwaka ule Maman Véronique alipika kasiksi kwa chachu alizozichagua mwenyewe, zile zinazoshuka vizuri chini ya mtungi na kuacha pombe safi juu. Ua ulijaa watu. Alichota kikombe cha kwanza. Mume wake alikwisha kunyoosha mkono. Kikombe kikampita, kikaenda kwa Christophe-Aimé.

"Véro, nani mwenye nyumba hapa?"

"Weye, papa. Lakini weye utasema iko muzuri hata kama iko mubaya. Yeye atasema kweli."

"Basi ungeolewa na kweli."

Watu wakacheka. Christophe-Aimé akanywa, akafumba macho. Kisha akasema iko muzuri. Mume wake alingojea aseme kitu ambacho yeye asingeweza kukisema. Hakukisema.

Tangu hapo Mzee hakuonja kasiksi ya mke wake. Katika harusi ya Tumukunde alishika chupa ya soda mpaka mwisho. Véronique hakumbembeleza. Kila mtungi ulipofunguliwa alimwekea kikombe karibu, na jioni alikirudisha mtungini. Hakumwaga hata kimoja.

Mwaka 1996 walirudi Rwanda, wakajenga Kamembe. Maman Véronique alifundisha biolojia Cyangugu hadi alipostaafu mwaka 2012. Aliowafundisha wako hapa, wengine wana mvi. Chachu zake alivuka nazo mpakani ndani ya chupa, kwenye kitenge, kifuani. Mume wake alibeba magodoro. Nyumbani chupa ilipata mahali pake kwenye friji, rafu ya chini, na umeme ulipokatika ndiyo iliyoulizwa habari kwanza.

Ugonjwa wa moyo ulimwanza mwaka 2023. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi. Mwezi wa tano mwaka huu alilazwa hospitalini. Christophe-Aimé alivuka kuja kumwona, na machungwa. Walizungumza kuhusu protini saa nzima, kwa Kifaransa, na mume wake amekaa hapo na termosi ya chai mapajani. Muuguzi aliingia, akamtazama mwenye shati jeupe, akamwambia, "Papa, maman anahitaji supu isiyo na chumvi." Christophe-Aimé alikanusha. Alikanusha, lakini si haraka. Supu aliipika Mzee.

Jumapili tarehe 18 Agosti, akiwa amerudi nyumbani, Maman Véronique aliomba ndizi mbivu zikamuliwe. Tumukunde akauliza ni za nini.

"Kasiksi ya kukaraba. Mukitoka kunizika mutanawa mikono. Mutakunywa nini, maji?"

Tumukunde akaanza kulia.

"Usililie mu mutungi, mama. Pombe haitaki chumvi."

Alielekeza kila kitu kutoka kitandani, na yeye mwenyewe akatia chachu kwa kijiko. Alasiri, mtungi ukianza kutoa povu, alimwita mume wake akae karibu.

"Papa Hirwa, safari hii utakunywa?"

"Nitaona."

"Unajua kwa nini zinashuka? Sukari ikiwa ingaliko, kila moja inatafuta yake. Sukari ikiisha, protini za kwenye ukuta zinashika ukuta wa jirani, na jirani anashika mwingine. Zinakuwa donge. Zinashuka pamoja."

"Zikifika chini zinakufa?"

"Hapana. Zinapumzika."

Kisha akamshika mkono. Hakusema tena habari za chachu. Walikaa hivyo mpaka jua likahama dirishani, na yeye hakusema tena habari za chachu.

Alifariki alfajiri ya Jumatano, tarehe 21 Agosti 2024, Kamembe, nyumbani kwake, akiwa na miaka 72. Jana mume wake alifunua mtungi. Zimeshuka zote. Juu ni peupe kabisa.

Kwa hiyo tukitoka hapa, wote mnakaribishwa nyumbani kukaraba. Mtungi uko uani. Mzee Hategekimana ataonja wa kwanza. Bwana Christophe-Aimé atangojea. Akipewa kikombe chake, tunamwomba asifumbe macho.

Maman Véronique ameacha mume; watoto wawili, Hirwa na Chloé Tumukunde; wajukuu watano, akiwemo Ikirezi; dada mdogo wa marehemu, mnayemwona ameketi hapo mbele, hana nguvu ya kusimama, tumpe mkono; na wanafunzi ambao hakuna awezaye kuwahesabu. Ameacha pia chupa ya chachu kwenye friji. Bwana Christophe-Aimé ameiomba. Amejibiwa hapana. Mume wake ndiye anayeilisha sasa, maji ya ndizi kidogo kila Jumapili, kama alivyomwona akifanya.

Kaburi hili amelijenga Mzee mwenyewe, kwa matofali ya kuchoma. Lina upana wa watu wawili, si zaidi.

Shuka taratibu, Véro. Pumzika.